Kuhama Windows kwenda Linux: mwongozo kamili kwa mtumiaji wa kawaida

Laptopu ninayoletewa mara nyingi kuliko nyingine zote ni HP EliteBook 840 G3. Ilianza kazi katika ofisi fulani ya Ulaya, ikauzwa kwa jumla ofisi hiyo ilipobadilisha mashine zake, ikafika Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi pamoja na wenzake wengi, na leo iko mikononi mwa mwalimu, mwanafunzi wa chuo au mwenye duka la stationery. Bodi yake bado imara, RAM yake ni GB 8, na kibodi yake inazishinda nyingi za laptopu mpya za bei ya chini. Tatizo lake ni prosesa ya kizazi cha 6 cha Intel. Windows 11 hudai, isipokuwa kwa prosesa chache mno, kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ilhali Windows 10 iliyomo ndani yake iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwenye mashine kama hiyo ana njia nne. Anaweza kununua nyingine. Anaweza kuisakinishia Windows 11 kwa kuruka ukaguzi wa vifaa, jambo ambalo Microsoft hailitambui na ambalo linaweza kumwacha bila masasisho siku yoyote. Anaweza kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, ambao kwa watumiaji binafsi unafika 13 Oktoba 2026 na unahitaji Windows 10 ya toleo la 22H2. Au anaweza kuhamia Linux, mfumo ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, kiini ambacho tayari kimo ndani ya kila simu ya Android. Mwongozo huu unahusu njia ya nne: namna ya kujua kama inakufaa, na ikikufaa, namna ya kuipita bila kupoteza faili hata moja.

Daftari kabla ya flashi

Mtu akiniuliza kama Linux itamfaa, humwomba kwanza akae siku saba na daftari. Kila programu anayoifungua aiandike, na kila kifaa anachokichomeka kwenye kompyuta akiandike pia, hata kama ni kile anachokitumia mara moja kwa mwezi. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua, kwa kuwa watu wengi hudhani wanaitegemea Windows wakati ambapo kwa kweli wanategemea kivinjari na printa.

Nichukue orodha ya mama mmoja mwenye stationery karibu na chuo, kwa sababu ilikuwa na karibu kila kitu. Alikuwa anachapa barua na ripoti, anafungua flashi za wateja, anaskani vyeti, anawajazia wanafunzi maombi ya chuo na ya mkopo mtandaoni, anatoa picha za pasipoti, anapokea mafaili kwa WhatsApp ya kwenye kompyuta, na jioni anasikiliza kaswida. Maombi ya mtandaoni, WhatsApp na barua pepe vyote hupita kwenye Firefox au Chrome, ambavyo kwenye Linux ni vilevile. Kaswida zilichezwa na VLC, ambayo pia ni ileile. Flashi za wateja ndizo zilizomfurahisha zaidi. Kirusi maarufu cha flashi huyaficha mafaili halisi na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale, mteja akaona folda zake zimegeuka na kuanza kulia. Linux haiijali alama ile ya Windows ya kuficha, hivyo mafaili halisi huonekana wazi kando ya zile njia za mkato, na kirusi chenyewe, kwa kuwa kiliandikwa kwa ajili ya Windows, hulala pale bila kazi.

Printa ndiyo iliyotaka kazi. Alikuwa na mbili. Ile ya Epson ya mfululizo wa L ilitambuliwa mara moja, kwa sababu dereva yake ya ESC/P-R, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa, imo ndani ya distro (matoleo ya Linux) nyingi. HP LaserJet P1102 ilitambuliwa pia lakini haikutoa karatasi hadi ilipopakuliwa nyongeza ya HP yenyewe, inayosakinishwa kwa amri ya hp-setup. Angekuwa na Canon LBP6030 angelazimika kupakua dereva kutoka tovuti ya Canon. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwezekana kabisa: ile programu ambayo mafundi huitumia kufanyia Epson "reset" pedi ya wino chafu inapojaa ni ya Windows tu. Tulikubaliana kwamba siku hiyo ikifika ataipeleka printa kwa fundi, kama alivyokuwa akifanya kabla hajajifunza mwenyewe.

Yasiyohama

Hapa napenda kusema bila kupamba. Ikiwa riziki yako inategemea Photoshop, Illustrator, AutoCAD, QuickBooks ya kwenye kompyuta au Tally, baki na Windows, au tenga kompyuta moja kwa ajili hiyo. Ipo programu iitwayo Wine inayoweza kuendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, na kwa programu ndogo za zamani hufanya maajabu, lakini mhasibu anayefunga hesabu za mwezi hapaswi kujenga nyumba juu ya maajabu. GIMP na Inkscape ni zana nzuri kwa anayeanza usanifu. Kwa aliyezoea Photoshop kwa miaka kumi, vidole vyake vitamsaliti kila dakika, na mteja hatangoja.

Vijana wa michezo nao wasikilize. Michezo mingi ya Steam (duka la michezo ya kompyuta) huchezeka kwa msaada wa Proton, zana ya kuendeshea michezo ya Windows ndani ya Linux, lakini ile yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu, kama Valorant, Fortnite na EA Sports FC (mpira wa miguu) za miaka hii, haikubali. Nimeona laptopu ikirudishwa Windows ndani ya saa moja kwa sababu ya mpira huo, na sikumlaumu mwenyewe.

Microsoft Office inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo hofu ya wengi. Haina toleo la Linux; iliyopo ni ile ya kwenye kivinjari, na pia LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi mafaili ya docx, xlsx na pptx. Barua ya kurasa mbili haitakusumbua. Matatizo huanza kwenye wasifu wa kazi uliopangwa kwa majedwali na visanduku vya maandishi, kwenye slaidi zenye michoro inayotembea, na kwenye majedwali ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe. Sababu ya kwanza ya mpangilio kuhama ni fonti: Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, na zisipokuwepo, programu hutafuta mbadala. Hakikisha fonti za Carlito na Caladea zimesakinishwa, kwa maana zilichongwa zikiwa na upana uleule wa herufi, hivyo mistari hukatika palepale ilipokatika mwanzo. Zoea pia kutuma PDF kila unapotuma kitu ambacho mpokeaji hatakiwi kukihariri. Ikiwa mwajiri wako hukurudishia hati zenye masahihisho ya pembeni mara tano kwa siku, jaribu hati zenu halisi kabla ya kuamua.

Kwa kumbukumbu tu, ofisi ya namna hii si ngeni kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, ambayo ndiyo chimbuko la LibreOffice.

Kuchagua distro

Linux huja kwa matoleo mengi yanayoitwa distro, na mgeni huweza kupoteza mwezi mzima akiyalinganisha. Usifanye hivyo. Chukua Linux Mint. Menyu yake iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, na madirisha hufungwa palepale ulipozoea. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litapata masasisho hadi 2029. Kama RAM yako ni GB 8 chukua sura ya Cinnamon. Kama ni GB 4 chukua Xfce, iliyo nyepesi zaidi. Chini ya hapo mfumo utawaka, lakini kivinjari chenye tabo kumi kitakuchosha, kwa sababu tovuti za leo ndizo zinazokula RAM. Ubuntu yenyewe, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004 na ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu "utu", ni nzuri vilevile; nimeiweka ya pili kwa sababu sura yake humtaka mtu ajifunze upya mahali vitu vilipo.

Maandalizi ndani ya Windows

Anza na nakala. Hamisha nyaraka, picha na muziki kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili matano au sita kutoka kwenye diski hiyo ukitumia kompyuta nyingine, kwa maana nakala ambayo haijafunguliwa haijathibitika. Usisahau folda ya Downloads na vitu vilivyorundikwa kwenye desktop, ambako wengi wetu ndiko tunakoishi. Hakikisha pia manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari yameoanishwa na akaunti yako au yameandikwa mahali.

Kisha tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayozuia diski kusomeka bila ufunguo. Ikiwa imefungwa, nakili ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, halafu uizime na usubiri hadi imalize kufungua diski yote. Zima vilevile Fast Startup katika mipangilio ya umeme, kwani huiacha Windows ikiwa imelala nusu na kuifanya Linux ikatae kuandika kwenye diski ile.

Pakua faili la ISO la Mint, yaani faili moja lenye mfumo mzima, kutoka linuxmint.com. Lina takribani GB 3, kwa hiyo tafuta Wi-Fi au bando la usiku. Upakuaji uliokatika katikati huzaa faili bovu linaloleta makosa ya ajabu baadaye, na ndiyo sababu tovuti hutoa alama ya SHA256 ya kulinganisha. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda lilimo faili na uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Herufi na tarakimu zitakazotoka zifanane na zile za tovuti kutoka mwanzo hadi mwisho. Zisipofanana, pakua upya.

Sasa chukua flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa yote. Fungua programu ya Rufus, inayoandika ISO kwenye flashi, chagua flashi, chagua ISO, acha mipangilio mingine kama ilivyo, na ubonyeze Start. Itachukua dakika chache au robo saa, kutegemea flashi. Zile za bei rahisi za barabarani hujidai kuwa na GB 64 na kumbe hazina hata nane, na hizo zitakuangusha hapahapa.

Kuijaribu bila kuisakinisha

Hatua hii watu huiruka, nami huona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa tena huku ukigonga kitufe cha kuchagua chanzo cha kuwakia: kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni F9 au Esc kwanza. Chagua flashi. Baada ya muda utaona desktop kamili ya Mint ikifanya kazi kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kwenye diski yako.

Kaa nayo saa moja ukiwa na lile daftari. Unganisha Wi-Fi. Cheza video ya YouTube usikilize sauti ya spika na ya earphone. Funga kifuniko kisha ukifungue uone kama mashine inaamka. Jaribu kamera, Bluetooth, vitufe vya kupunguza mwanga. Chomeka printa na utoe karatasi ya majaribio. Fungua ile hati yako ngumu kuliko zote kwa LibreOffice. Itakuwa polepole kidogo kwa sababu inasoma flashi. Hilo litaisha ikikaa kwenye diski, hasa ikiwa ni SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka).

Kama Wi-Fi haionekani, huenda kadi ni ya Broadcom. Chomeka simu kwa waya, washa USB tethering, na Mint itapata intaneti kupitia simu bila kuuliza chochote. Kisha fungua Driver Manager ikutafutie dereva. Kama kisakinishi hakiioni diski kabisa, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla mfumo haujawaka) utazame kama diski imewekwa kwenye hali ya RAID au Intel RST badala ya AHCI. Usiibadilishe ikiwa bado unataka Windows iliyopo iwake, kwa sababu inaweza kugoma hadi uiandae kwa Safe Mode.

Kusakinisha

Bofya aikoni ya "Install Linux Mint". Kwa lugha na kibodi chagua Kiingereza cha Marekani kama vitufe vyako vimeandikwa hivyo, na uweke alama kwenye kisanduku cha "Install multimedia codecs", ili muziki na video za aina zote zichezeke. Swali zito ni moja tu: Linux ikae wapi. "Install alongside" huiweka kando ya Windows, na kila unapowasha unachagua unayoitaka. "Erase disk" hufuta kila kitu. Kwa mara ya kwanza nashauri ya kwanza, ikiwa diski ina nafasi ya GB 60 na zaidi iliyo tupu. Ukikaa miezi mitatu bila kuigusa Windows, utajua la kufanya.

Kompyuta ikiwa na diski mbili, simama. Niliwahi kufuta diski isiyo yenyewe, ya GB 500 iliyojaa picha za harusi za mteja, kwa kuwa nilisoma jina la sda, moja ya majina ambayo Linux huzipa diski, nikadhani ndiyo SSD. Nakala ilikuwepo, Mungu ni mwema, lakini tangu siku hiyo hufungua skrubu na kuchomoa diski isiyohusika kabla ya kuanza. Kama huwezi kuichomoa, tambua diski kwa ukubwa wake na kwa mafaili yaliyomo, kisha soma skrini ya mwisho mara mbili.

Andika jina lako, nenosiri utakalolikumbuka, na uchague saa za eneo lako. Hakikisha chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii na betri imekufa, utaanza upya. Kazi yenyewe huchukua kama nusu saa.

Wiki ya kwanza

Fungua Update Manager na usakinishe masasisho yote. Mint hukuarifu kwanza na kungoja ruhusa yako, jambo ambalo mwenye bando la MB 500 atalishukuru. Kisha washa Timeshift, inayotunza picha ya mfumo ili sasisho likiharibu kitu urudi nyuma kwa dakika chache. Kumbuka kwamba haitunzi nyaraka zako, hivyo diski ya nje bado ina kazi.

Programu mpya usizitafute Google. Zitoe kwenye Software Manager, kama unavyofanya Play Store. Mafaili ya .exe uliyoyarundika hayatafunguka, na si ubovu. Zoom ina toleo la Linux. Teams hutumika kupitia kivinjari. Mfumo utakuomba nenosiri kila unapobadilisha kitu kikubwa, na ukiliandika kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) huenda usione herufi zake zikitokea: andika tu hadi mwisho na ubonyeze Enter.

Waliobaki na mifumo miwili watakutana na kioja cha saa. Ukitoka Linux na kuwasha Windows, saa sita mchana itasomeka saa tatu asubuhi. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya kimataifa, Windows huisoma kama majira ya hapa, na tofauti yetu ya Afrika Mashariki ni saa tatu kamili. Amri hii, ikiandikwa mara moja kwenye terminal ya Linux, huwapatanisha:

timedatectl set-local-rtc 1

Betri inaweza kudumu pungufu kidogo kwenye baadhi ya laptopu. Sakinisha TLP, programu ya kubana matumizi ya umeme, uiache ifanye kazi kimyakimya. Mengine yatakayokukwaza ni ya mazoea, na huisha ndani ya wiki mbili.

Ukitaka kurudi

Kurudi Windows si aibu na si kazi kubwa. Kama Windows 10 yako iliamshwa kihalali kwa leseni ya kidijitali, leseni hiyo imefungamana na bodi ya mashine, hivyo ukiisakinisha upya toleo lilelile na kuunganisha intaneti, kwa kawaida itajiamsha yenyewe bila kuulizwa ufunguo. Tengeneza flashi ya Windows kwa Media Creation Tool ya Microsoft wakati bado uko kwenye Windows, kwa sababu zana hiyo haiendeshwi ndani ya Linux. Iandike jina kwa kalamu ya wino mzito, uiweke mahali ambapo watoto hawataigeuza kuwa ya muziki wa gari.